Chokoleti bora: Jina kubwa au duka dogo?

KWA mnunuzi anayesimama mbele ya rafu za duka la kisasa mjini, chokoleti zinazoitwa bora zimegawanyika katika makundi mawili. Upande mmoja zipo za majina makubwa yaliyozoeleka, kama Lindt ya Uswisi. Upande wa pili zipo za watengenezaji wadogo, ambazo karatasi yake hutaja hata kijiji ilikovunwa kakao, na bei yake huwa juu zaidi. Swali la kujiuliza ni hili: je, ziada hiyo ya bei inalipia ubora au inalipia karatasi?

Ikumbukwe kwamba ulaini tunaousifu katika chokoleti ni kazi ya viwanda. Mwaka 1879, Rodolphe Lindt wa mjini Bern alibuni mashine ya kuisugua chokoleti kwa muda mrefu hadi ikayeyuka mdomoni bila chengachenga. Tangu hapo, nguvu ya kampuni kubwa imekuwa ni ulaini na ladha isiyobadilika mwaka hadi mwaka. Ili kuilinda ladha hiyo, viwanda vingi huchanganya kakao ya maelfu ya mashamba, hasa ya Ivory Coast na Ghana, nchi ambazo kwa pamoja huzalisha zaidi ya nusu ya kakao yote duniani. Katika mchanganyiko huo, harufu ya shamba moja hupotea, na nafasi yake huchukuliwa na sukari, maziwa na vanila.

Mtengenezaji mdogo wa kweli hufuata njia iliyo kinyume. Hununua kakao ya eneo moja, huikaanga na kuisaga mwenyewe, na mara nyingi huongeza sukari peke yake. Hapa ndipo Tanzania inapoingia. Katika kijiji cha Mbingu, Bonde la Kilombero mkoani Morogoro, kampuni ya Kokoa Kamili, iliyoanza mwaka 2013, hununua kakao mbichi kutoka kwa wakulima wadogo na kuivundika yenyewe kabla ya kuianika. Kuvundika huko ndiko kunakojenga ladha. Kakao iliyovundikwa ovyo haiponywi na mashine yoyote. Kakao hiyo husafirishwa hadi San Francisco, Marekani, ambako kiwanda kidogo cha Dandelion huigeuza kuwa chokoleti yenye kakao asilimia 70, huku jina la Kokoa Kamili likiandikwa kwenye karatasi yake.

Hata hivyo, udogo si hati ya uaminifu. Maduka mengi madogo hayakaangi hata punje moja ya kakao. Hununua chokoleti iliyokwisha kutengenezwa viwandani, huiyeyusha, huitia karanga au matunda na kuimimina katika kalibu. Huo nao ni ufundi halali; kosa ni kuuza kazi ya kuyeyusha kwa sifa ya kazi ya kukaanga. Mwaka 2015, Mast Brothers wa New York walishutumiwa kwa jambo hilohilo, wakakiri kwamba katika siku zao za mwanzo walitumia pia chokoleti ya viwandani. Tena, jina dogo linaweza kuwa la mkubwa: mwaka 2005, Cadbury iliinunua Green & Black's na Hershey ikainunua Scharffen Berger.

Wakubwa nao wana mtihani wao. Ukame, mvua zisizotabirika na magonjwa ya mikakao huko Afrika Magharibi viliipandisha bei ya kakao hadi zaidi ya dola 12,000 kwa tani mwezi Desemba 2024, kabla haijashuka sana mwaka 2025. Baadhi ya viwanda vilijibu kwa kupunguza kakao. Mwaka 2025, biskuti za Penguin na Club za Uingereza zililazimika kuitwa zenye ladha ya chokoleti, kwa kuwa kakao iliyobaki haikutosha kisheria kuziita za chokoleti.

Athari ya jambo hili haiishii mdomoni mwa mlaji. Pale chokoleti inapouzwa kwa jina tu, kakao zote huhesabika kuwa moja, na mkulima wa Kyela au Kilombero hulipwa kwa uzito peke yake. Pale mlaji anapoitambua ladha, uvundikaji mzuri huwa na thamani, na mkulima hupata sababu ya kudai bei iliyo bora.

Kwa hiyo, mnunuzi asiulize duka ni kubwa au dogo. Na aulize: kakao imetoka wapi, nani aliyeikaanga, na ni kipi kilichoandikwa mwanzo katika orodha ya viungo, kakao au sukari? Muuzaji anayejibu bila kusita anastahili fedha yake. Anayejibu kwa kusifia karatasi, wahenga walikwisha kumsemea: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.