Krismasi ya kafyu: pesa itangulie, mguu ungoje

Desemba ikifika, Thika na Ruiru huanza kupungua watu. Ruiru pekee ilihesabiwa watu zaidi ya 490,000 kwenye sensa ya 2019, na wengi wao walikuja kutafuta kazi na nyumba ya bei nafuu kuliko Nairobi. Kwao ni Murang'a, Kitui, Kakamega, Kisii, Siaya. Mwaka wa kawaida, wiki ya Krismasi stendi hujaa mifuko ya unga, magodoro na kuku waliofungwa miguu. Watu wanaenda ushago.

Mwaka huu wa 2020 mambo ni tofauti na wewe unajua. Kafyu inaanza saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, na itakuwepo mpaka tarehe 3 Januari. Hoteli na baa zinafunga saa tatu. Matatu ya watu 14 inabeba 8, kwa hivyo nauli imepanda na mzigo huo unabebwa na abiria. Makesha tuliyozoea kanisani hayawezi kuwa kama zamani, kwa sababu saa nne kila mtu awe kwake.

Lakini simu ya nyumbani haijabadilika. Bado inauliza, "Mnakuja lini?"

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaoyapinga: mwaka huu pesa itangulie, mguu ungoje. Na hiyo pesa yenyewe itumwe mapema, kwa mpango, bila aibu ya kusema ukweli kuhusu kiasi ulicho nacho.

Daraja la Chania lilitufundisha

Watu wa Thika wanajua habari ya kufungiwa kuliko wengi. Tarehe 6 Aprili serikali ilipofunga eneo la Nairobi na viunga vyake, mpaka wa upande wetu uliwekwa daraja la mto Chania. Ukiwa Makongeni uko ndani. Ukivuka daraja uko Murang'a, uko nje. Mtu ambaye mama yake anaishi Kabati au Kenol, safari ya matatu moja tu, alikaa miezi mitatu bila kumwona hadi vizuizi vilipoondolewa tarehe 7 Julai.

Sasa jiulize: katika miezi hiyo mitatu, nyumba hizo zilikula nini? Dawa za presha zilinunuliwa na nani? Pesa zilivuka daraja hata wakati watu hawakuweza. Mama alipokea ujumbe kwenye simu, akaenda kwa wakala wa hapo sokoni, akanunua sukari na dawa. Hakuna aliyesema kwamba mtoto wake amemtupa kwa sababu hakufika mwenyewe.

Leo daraja liko wazi na hakuna askari wa kukurudisha. Kwa hivyo uamuzi ni wako, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kuna wale wanaosema, "Krismasi ni mara moja kwa mwaka, na pesa si mtu." Wana haki. Bahasha haiwezi kukaa na mzee jioni akisimulia habari za mifugo. Lakini wimbi la pili la Oktoba na Novemba limetuonyesha kwamba korona haijaenda, na wanaoumia zaidi ni hao hao wazee tunaotaka kwenda kuwakumbatia. Uingereza wameanza kuchanja mwezi huu. Kwetu chanjo bado. Mzee akikosa kukuona Desemba, atakuona Aprili. Akiambukizwa Desemba, hatujui.

Na kama ni lazima uende, nenda. Safiri mchana, vaa barakoa muda wote, na fika nyumbani kabla ya kafyu. Lakini hata wewe unayeenda, pesa itangulie.

Kwa nini utume kabla ya tarehe 24

Hili ni jambo ambalo wateja wengi hawaelezwi. Wakala ana mifuko miwili. Wa kwanza ni kashi iliyo kwenye droo. Wa pili ni floti, yaani pesa zilizo ndani ya simu yake. Ukienda kuweka pesa, anachukua kashi yako na kukupa floti. Ukienda kutoa, anapokea floti na kukupa kashi.

Sasa angalia kinachotokea wiki ya Krismasi. Huku Ruiru na Thika, kila mtu anaweka pesa ili atume nyumbani. Mawakala wanaishiwa na floti huku droo imejaa noti. Kule mashinani kila mtu anatoa. Mawakala wa huko wana floti tele lakini kashi imekwisha, na benki ya karibu iko mbali au imefungwa kwa sikukuu. Kwa hivyo ukimtumia shosho 4,000 tarehe 24 jioni, anaweza kuwa na pesa kwenye simu na asiwe na nyama kwenye sufuria.

Mwaka huu kafyu imefanya siku iwe fupi zaidi. Wakala naye ana nyumbani, na anataka kufika kabla ya saa nne. Wengi wanafunga mapema, na foleni ya jioni ndiyo ndefu kuliko zote.

Kwa hivyo tuma kabla ya tarehe 20 ikiwezekana. Mwambie anayepokea asingoje Krismasi ndipo atoe. Na kama duka la hapo kijijini linapokea malipo kwa simu, alipe moja kwa moja bila kutoa kashi. Hilo ni salama kwa mfuko, na pia kwa afya, kwa sababu noti hazipitishwi mkono kwa mkono.

Nafuu inayoisha na mwaka

Tangu katikati ya Machi, kwa mpango wa Benki Kuu ya Kenya, kutuma hadi shilingi 1,000 kwa simu kumekuwa bila makato. Nafuu hiyo ilikuwa imalizike Juni, ikaongezwa hadi tarehe 31 Desemba 2020. Kwa hivyo hii ndiyo Krismasi yake ya kwanza na ya mwisho.

Itumie. Kama umepanga kutuma 3,000, si lazima ziende kwa mkupuo mmoja. Tuma 1,000 wiki hii, 1,000 wiki ijayo, na nyingine ukipata. Ndiyo, sisi ni kampuni ya malipo na tunakuambia hivyo. Mteja anayebaki na pesa yake leo atakuwepo kesho.

Kumbuka tu kwamba kutoa pesa kwa wakala bado kuna ada. Anayepokea akitoa mara tatu atakatwa mara tatu. Mwambie aziache zikusanyike, kisha atoe mara moja.

Shule kwanza, pilau baadaye

Tarehe 4 Januari shule zinafunguliwa. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba, lakini watoto wengine wote wamekaa nyumbani tangu Machi. Hesabu hiyo miezi. Kiatu cha Machi hakiingii tena mguuni. Sare imekuwa fupi. Kuna karo, vitabu, na safari hii kuna barakoa za kila siku.

Kati ya Krismasi na tarehe 4 Januari ni siku kumi tu. Na mwaka huu mwezi wa kwanza unamkuta mzazi aliyepunguziwa siku za kazi kiwandani, mama mboga ambaye kafyu ilimnyang'anya wateja wa jioni, na kondakta ambaye gari lake linabeba watu nusu na kidogo. Hao ndio jirani zetu wa Kiandutu, Witeithie, Kimbo na Githurai.

Kwa hivyo ninasema waziwazi: kabla hujatuma shilingi ya Krismasi, tenga ya shule. Kama shule inapokea karo kwa namba ya Paybill, lipa kidogo kidogo kuanzia sasa, hata 500. Ikishaingia kwenye akaunti ya shule, hakuna sherehe itakayoigusa. Hakikisha umeandika namba ya mtoto sawasawa mahali pa akaunti, na uhifadhi ujumbe wa malipo mpaka shule ikupe risiti.

Viatu na sare nunua Desemba ikiwa unaweza. Kodi ya thamani iliyopunguzwa kutoka asilimia 16 hadi 14 mwezi wa Aprili inarudi 16 tarehe 1 Januari. Kwa bidhaa za 10,000 kabla ya kodi, tofauti ni shilingi 200. Si nyingi, lakini ni nauli.

Kukopa harusi, kulipa matanga

Mkopo wa simu ni rahisi. Unabonyeza, pesa zinaingia. Sina ugomvi na mkopo wa kununua stoki ya kuuza sokoni Madaraka, kwa sababu stoki itajilipa. Mkopo wa kununua mbuzi wa Krismasi haujilipi. Mbuzi ataliwa siku moja, deni litakaa.

Tufanye hesabu. Umekopa 5,000 tarehe 20 Desemba kwa siku 30, ada asilimia 7.5. Tarehe 19 Januari unadaiwa 5,375. Katikati hapo kuna kodi ya nyumba, kuna tarehe 4 ya shule, na mshahara wa Desemba ulishaliwa. Kwa hivyo utakopa mahali pengine ulipe huu. Huo ndio mwanzo wa kukimbizana na madeni mpaka Pasaka. Na ukishindwa kabisa, jina lako linaweza kupelekwa kwenye mashirika ya kuhifadhi rekodi za mikopo, na siku utakapohitaji mkopo wa maana utaambiwa hapana.

Saa tatu kasorobo usiku

Matapeli wanaipenda kafyu, kwa sababu mtu aliye na haraka hasomi. Fikiria uko Kamakis, nyama imeliwa, ni saa tatu kasorobo, hoteli inafunga, matatu zinapungua. Hapo ndipo simu inapolia: "Samahani, nimekutumia 2,500 kimakosa, tafadhali nirudishie, mtoto ni mgonjwa."

Usirudishe chochote kabla ya kuangalia salio lako mwenyewe. Ujumbe peke yake si pesa. Na hata kama pesa zimeingia kweli, aliyekosea aombe kwa huduma kwa wateja zirudishwe kwa utaratibu. Usitume mwenyewe kwa namba unayotajiwa.

Ukilipa kwa till, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama jina si la duka hilo, simama. Usilipe bili ya hoteli kwa namba ya mtu binafsi eti mashine imekataa. Na PIN yako usimpe mtu yeyote, hata anayesema anapiga kutoka kwetu, hata akijua jina lako lote na namba ya kitambulisho. Sisi hatuulizi PIN. Hatuna zawadi ya Krismasi inayodaiwa kwa PIN.

Ushauri wangu ni rahisi: malipo makubwa yafanye mchana. Usiku wa kafyu uwe wa kwenda nyumbani tu.

Piga simu leo, taja kiasi

Nimeacha la mwisho ambalo ni gumu kuliko yote, kwa sababu halina kitufe cha kubonyeza. Wengi wetu hatukopi kwa ajili ya njaa. Tunakopa kwa ajili ya aibu. Mtu amekaa Thika miaka sita, kijijini wanamjua kama wa kuleta mkate, soda na kreti ya mayai. Atasemaje kwamba mwaka huu hana?

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nyumbani nao wamesikia redio. Wanajua viwanda vimepunguza watu, wanajua matatu hazijai. Kinachowaumiza si kupata kidogo. Kinachowaumiza ni kungoja kikubwa ambacho hakiji, wakati wameshamwambia mwenye duka la nyama awawekee.

Piga simu leo. Sema, "Mama, mwaka huu sitakuja, na nina elfu mbili. Elfu moja nimetuma sasa, nyingine tarehe 20." Mpe nafasi ya kupanga na hiyo elfu mbili. Waite ndugu zako pia, mchange pamoja, mmoja anunue unga, mwingine nyama, mwingine alipie dawa. Tarehe 25 ni Ijumaa. Mchana huo piga simu tena, uwasikie wakila.