Fuwele za mfupa zinavyokuzwa maabarani

Msomaji mpenzi, Jumapili ya leo nakuomba ufanye jaribio dogo jikoni. Mkishamaliza kula kuku, usiutupe mfupa wa paja. Uoshe vizuri, utumbukize katika gilasi ya siki na uuache kwa siku kadhaa, ukiibadilisha siki mara moja moja. Utakapoutoa utashangaa. Umbo ni lile lile, lakini mfupa unapindika kama mpira! Siki imeyayeyusha madini yake, na zimebaki nyuzi laini za protini iitwayo kolajeni.

Madini hayo yaliyoyeyuka ndiyo mada yetu wiki hii. Ni karibu thuluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu. Yameundwa kwa kalisiamu na fosfeti, nayo hujipanga kwa utaratibu yakawa fuwele, kama zilivyo chembe za chumvi na sukari. Lakini fuwele za mfupa ni ndogo mno hata hadubini ya shuleni haiwezi kuzionyesha. Mwaka 1926 mtaalamu W. F. de Jong alizichunguza kwa eksirei, akaona kwamba zinafanana na jiwe la ardhini liitwalo apataiti. Aina inayokaribiana nazo zaidi huitwa haidroksiapataiti.

Je, jiwe hilo laweza kutengenezwa na binadamu? Naam, na wala si kwa mchezo. Mtu aliyepoteza kipande cha mfupa katika ajali, au aliyetolewa uvimbe ndani ya mfupa, hubaki na pengo. Aghalabu madaktari humkata mgonjwa mwenyewe mfupa kidogo kwenye nyonga ili walizibe. Njia hiyo ni nzuri, ila humwachia mgonjwa kidonda cha pili, na mfupa wa kuchukua si mwingi. Hii ndiyo sababu wanasayansi walizigeukia chupa zao.

Mwanafunzi wa sekondari hatapotea hapa. Chokaa iliyozimwa hukorogwa katika maji safi, kisha asidi ya fosfori hudondoshwa humo tone kwa tone. Hesabu yake ni sehemu 10 za kalisiamu kwa sehemu 6 za fosfeti. Zikikutana sawasawa, hutokea unga mweupe wa haidroksiapataiti, na kinachobaki kando ni maji tu.

Maelezo ni mepesi, lakini kazi yenyewe yataka subira. Asidi ikimiminwa kwa pupa, mchanganyiko huwa mchachu mno na hutokea fosfeti za aina nyingine zisizokusudiwa. Hata mambo yakienda vyema, kinachotangulia ni kitu kama uji mweupe usio na mpangilio. Huachwa kwa saa nyingi ili fuwele zijipange. Baadaye unga huo huchujwa, hukaushwa, na mara nyingi huchomwa katika tanuri kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za sentigredi ili ushikamane.

Iko pia njia ya kutumia chombo kilichofungwa kabisa, mfano wa sufuria ya presha, ambamo maji hupita joto la kuchemka. Mwaka 1974, huko Marekani, Della Roy na mwenzake walieleza jinsi walivyoitumia njia hiyo kuyageuza matumbawe ya baharini kuwa haidroksiapataiti bila kuviharibu vitundu vyake. Vitundu hivyo vina faida kubwa, kwa kuwa mishipa ya damu na mfupa mpya hupata mahali pa kupenya.

Sasa, msomaji wangu, sikiliza jambo la ajabu. Huenda ukadhani kwamba fuwele ikiwa safi zaidi ndivyo inavyomfaa mgonjwa zaidi. La hasha! Fuwele za mwilini mwako si safi. Zimechanganyika na kaboneti na vitu vingine, tena ni ndogo na zina kasoro. Kasoro hizo ndizo zinazoziwezesha kuyeyuka kwa urahisi. Mwilini kuna seli zinazobomoa mfupa wa zamani na nyingine zinazojenga mpya, hata inakadiriwa kwamba mtu mzima hubadilisha takriban asilimia 10 ya mifupa yake kila mwaka. Fuwele safi iliyochomwa tanurini huwa sugu, na yaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuupisha mfupa halisi.

Kwa hivyo wataalamu hujitahidi kuuiga mwili pamoja na kasoro zake. Wengine huchanganya haidroksiapataiti na fosfeti nyingine inayoyeyuka upesi zaidi. Huko Japani, Tadashi Kokubo na wenzake walieleza mwaka 1990 jinsi ya kukuza fuwele zinazofanana na za mfupa katika maji yenye chumvi zinazokaribiana na za damu, kwenye joto la nyuzi 36.5. Hakuna tanuri hapo.

Hata hivyo, tusidanganyane. Madini haya peke yake huvunjika kama kikombe cha udongo, na hayawezi kuubeba uzito wa mtu. Ndiyo maana hutumika kujaza mapengo, au kupakwa juu ya chuma. Daktari Ronald Furlong wa London alianza mwaka 1985 kuwawekea wagonjwa nyonga za chuma zilizopakwa haidroksiapataiti, ili mfupa uzishike. Anayejenga mfupa ni mwili wenyewe. Maabara humpa jukwaa la kusimamia tu.

Nanyi wazazi, kumbukeni kwamba watoto wenu wanazikuza fuwele hizi kila siku bila chupa wala tanuri. Wapeni maziwa, omena na mboga za majani, na waacheni wacheze juani. Mfupa unaojengwa utotoni ndio utakaotegemewa uzeeni.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.