Chungu Kimoja, Chumvi Kidogo

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi mzee akishaambiwa na daktari kuwa ana shinikizo la juu la damu, hutengewa sufuria yake. Wenzake wakizunguka sinia, yeye huwekewa kando sahani ya mchuzi usio na ladha. Haupiti muda mrefu, hushindwa na upweke ule akarejea kwenye sinia, na chumvi ni ile ile.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Ushauri huu ni wa watu wazima wote, wazima na wagonjwa. Basi chungu kibaki kimoja, ipunguzwe chumvi, na ladha itafutwe katika ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na bizari. Tuitazame pia chumvi isiyoonekana: iliyomo katika ng'onda, papa mkavu, achari, mkate na viungo vya paketi vya kutilia mchuzi.

Kupunguza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuongeza. Madini ya potasiamu husaidia figo kutoa sodiamu ya chumvi kwa njia ya mkojo, na hulegeza mishipa ya damu. Nayo yamo katika maharage, kunde, mchicha, viazi vitamu, ndizi, parachichi na maji ya dafu; vyakula vya sokoni petu. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walitangaza kuwa mlo wenye matunda na mboga kwa wingi, pamoja na maziwa yaliyopunguzwa mafuta, uliwashushia wenye shinikizo la juu takriban pointi 11 katika kipimo cha juu.

Hata hivyo, mwenye maradhi ya figo asizidishe vyakula hivi kabla ya kumuuliza daktari, kwani potasiamu ikikithiri mwilini hudhuru moyo. Wala asiache mtu vidonge kwa kuwa anajihisi mzima. Shinikizo huweza kupanda kimya kimya, na wapo ambao dalili yao ya kwanza ilikuwa kiharusi.

Enyi wapishi na wale mnaopikiwa, kichupa cha chumvi kiondoke kwenye mkeka leo, mzee wetu arudi kwenye sinia. Mwenyezi Mungu atujaalie afya njema.