Chupa Iliyo Chini ya Kitanda

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutaja mficha dawa, lakini tangu shangazi yangu aje kuishi nasi hapa Nairobi, nimeona kwamba hao wawili ni ndugu.

Shangazi anaugua shinikizo la damu na humeza tembe kila asubuhi. Majuzi alianza kupatwa na kisunzungu, na siku moja akaanguka bafuni. Nilimpeleka hospitali. Daktari akampima, akakunja uso kwa kuwa presha ilikuwa imeshuka kupita kiasi, kisha akamuuliza kama kulikuwa na dawa nyingine aliyokuwa akitumia.

"Hakuna," akajibu shangazi bila kupepesa jicho.

Nilinyamaza, nami nilijua fika kwamba chini ya kitanda chake mlikuwa na chupa ya dawa ya miti shamba, isiyo na kibandiko wala maelezo. Tulipokuwa tukirudi nyumbani nilimuuliza kwa nini alificha. "Mwanangu," akasema, "hawa madaktari wa siku hizi wakisikia habari ya mizizi wanakugombeza kama mtoto."

Usidhani ninadharau dawa za miti. Tembe za malaria tunazopewa zahanati leo zina asili yake katika mmea wa Artemisia annua. Mtafiti wa Uchina, Tu Youyou, aliongozwa na kitabu cha kale cha tiba hadi akaitoa dawa ya artemisinini katika mmea huo miaka ya 1970, na mnamo 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobeli.

Lakini ikiwa jani lina nguvu ya kuponya, basi pia lina nguvu ya kukorofishana na dawa nyingine. Chukua mfano wa balungi, tunda tunalonunua sokoni bila wasiwasi. Mnamo 1989 watafiti wa Kanada walikuwa wakichunguza jinsi pombe inavyohusiana na felodipini, dawa ya presha. Walitumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe. Kumbe maji hayo yenyewe ndiyo yaliyoipandisha dawa katika damu! Ilibainika baadaye kwamba tunda hilo huzuia kimeng'enya cha utumbo ambacho huvunjavunja dawa, ndiposa mtu aliyemeza tembe moja huwa kama aliyemeza kadhaa.

Mmea mwingine hufanya kinyume chake. St John's wort, wenye maua ya manjano, hutumiwa sana Ulaya na Marekani na watu wenye huzuni nzito. Mnamo 2000 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba mmea huo uliipunguza indinaviri, mojawapo ya dawa za kukabili virusi vya Ukimwi, kwa zaidi ya nusu katika damu. Mgonjwa anaweza kumeza tembe zake kwa uaminifu, na virusi vikaendelea kustawi.

Siku ya pili nilimrudisha shangazi kwa daktari, mara hii chupa ikiwa mkobani. Daktari hakugomba. Alisema hawezi kujua kilichomo mle, ila ni vyema aiache kwanza, aendelee na tembe na kurudi baada ya wiki moja. Aliporudi, kisunzungu kilikuwa kimekwisha na presha imetulia. Yule mganga naye, tulipomweleza, alishangaa: "Hakuniambia kwamba anatumia dawa za hospitali." Nikamuuliza kama yeye aliuliza. Akanyamaza.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Mgonjwa anaogopa kusema, na mganga hana mazoea ya kuuliza. Sheria yetu ya Afya ya mwaka wa 2017 inatambua tiba ya asili na tiba mbadala, na inaitaka serikali iweke mwongozo wa jinsi wagonjwa watakavyotumwa hospitalini kutoka kwa waganga. Lakini sheria haiwezi kuingia chumbani na kuchungulia chini ya kitanda.

Kwa hivyo, msomaji, ukienda kwa daktari au kwa mtaalamu wa tiba asilia, beba kila kitu unachotumia: tembe, unga, mizizi na hata majani ya chai ya dawa. Uliza jina la mti ulio ndani ya chupa. Na usiache tembe za hospitali kwa uamuzi wako mwenyewe. Nanyi madaktari, tafadhali msiwagombeze wazee wetu, maana anayegombezwa leo ataficha kesho.

Siku hizi chupa zote za shangazi hukaa juu ya meza, mahali ambapo kila mtu anaziona. Je, za kwenu ziko wapi?