Wanaingilia wapi?

BARAZA LA NYUMBA
Na Mwanahamisi Kilindo

Kipaza sauti kinachotangaza dawa ya panya, mende na kunguni kimekuwa sehemu ya asubuhi za Manzese, Mbagala na Buguruni. Masika yakianza wauzaji huongezeka, maana mvua huwatoa panya kwenye mitaro na mashimo, nao hutafuta pakavu. Mtu ananunua pakiti, anachanganya na dagaa, anaweka darini, na usiku ule analala akijua kazi imekwisha. Haupiti muda mrefu anasikia tena mbio juu ya kitanda chake. Wasomaji wanaoniandikia kuhusu jambo hili karibu wote huuliza sumu ipi ni kali zaidi. Nawasihi waanze na swali jingine: wanaingilia wapi?

Toka nje mchana, zunguka nyumba yako taratibu, kisha inua macho pale bati linapokutana na ukuta. Bati lina migongo, na chini ya kila mgongo, juu ya lenta, pana uwazi. Fundi akishamaliza kenchi na papi, akaezeka na kupigilia fisha bodi, mara nyingi uwazi ule huuacha vilevile, kwa sababu aliye chini hauoni na siku ya kukabidhiwa nyumba hakuna anayeuliza. Panya wa paa, yule mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake, hupanda mwembe, bomba la maji machafu na hata waya wa umeme kama anayepita njia yake ya kila siku. Tundu la kupitisha kidole gumba linamtosha. Yule panya mdogo wa nyumbani, anayependa makabati ya jikoni, hahitaji zaidi ya milimita 6, karibu unene wa kalamu ya risasi.

Kwa hiyo tundu ambalo wewe huliiti tundu, kwake ni mlango. Pale bomba la sinki linapotoboa ukuta, fundi bomba alivunja tofali kwa nyundo na hakurudishia. Pale waliofunga kiyoyozi walipopitisha mipira yao, wameziba kwa karatasi. Mlango wa uani umeliwa na maji chini, umebaki na pengo. Mfuniko wa chemba umepasuka kona. Haya yote yanazibika, na vifaa vyake viko kwenye duka lolote la mtaani: simenti na mchanga, waya wa kusugulia masufuria, kipande cha bati, wavu wa chuma wenye macho madogo. Waya ule wa masufuria ushindilie ndani ya tundu kwanza, kisha upake simenti juu, maana panya hautafuni kwa raha. Matambara, magazeti na povu la kuzibia havimzuii hata usiku mmoja. Chini ya mlango pigilia ukanda wa bati. Matawi yanayolalia paa yakatwe yaache nafasi pana, kwa sababu panya wa paa anaruka karibu mita nzima.

Naandika kwa mkazo kuhusu matundu kwa sababu ya jinsi mnyama huyu alivyoumbwa. Meno yake ya mbele hukua maisha yake yote, na asipotafuna yatamzidi kinywa. Ndiyo maana anakula visivyoliwa: sabuni, kandambili, khanga za sandukuni, hati ya kiwanja, vyeti vya watoto. Darini anakuta nyaya za umeme. Akishachuna ganda la waya na shaba ikabaki uchi juu ya mbao kavu za kenchi, moto unaweza kuwaka, na watu wakasema ni hitilafu ya umeme bila kujua ilianzia kwenye meno ya nani. Mimba ya panya huchukua wiki tatu hivi, na mzazi mmoja huzaa mara kadhaa kwa mwaka. Ukiua nusu ya waliomo ukawaachia njia wazi na chakula kilekile, waliobaki na wageni kutoka kwa jirani watajaza nafasi kabla hujanunua pakiti nyingine.

Sasa nije kwenye sumu yenyewe. Nyingi zinazouzwa madukani huzuia damu kuganda, na panya hufa baada ya siku kadhaa. Muuzaji atakuapia kwamba panya ataingiwa na kiu, atoke nje kutafuta maji na afie huko. Si kweli. Hufia popote alipojisikia vibaya, na mara nyingi ni darini, nyuma ya kabati au ndani ya ukuta, mkakaa na harufu hiyo mpaka mumpate. Lakini harufu ni jambo dogo. Kinachoniogopesha ni pakiti isiyo na jina la kiambata, isiyo na maelezo ya matumizi wala namba ya usajili. Viuatilifu nchini vinapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Cha kwenye karatasi iliyokunjwa hujui ni nini, na mtoto akikila daktari naye hatajua aanzie wapi. Ikitokea, usipoteze muda kumnywesha maziwa; mkimbize hospitali na uibebe pakiti. Paka na bundi nao hula panya aliyekwisha kula sumu, na wanaweza kufa. Bundi tunamfukuza kwa mawe tukidai ni ndege wa uchuro, ilhali chakula chake kikuu ni panya hawahawa tunaowalalamikia.

Na kuna mahali ambapo kuua panya ovyo kunaweza kuleta msiba. Lushoto ilianza kuripoti tauni mwaka 1980, na kwa zaidi ya miongo miwili ugonjwa ulirudi mara kwa mara katika vijiji vya Usambara. Maelfu waliugua na mamia walifariki. Vimelea vya tauni hubebwa na viroboto wa panya. Panya akifa na mwili ukapoa, kiroboto humwacha na kutafuta damu nyingine, na aliyelala sakafuni yuko karibu. Ndiyo maana wataalamu husema viroboto washughulikiwe kwanza, panya wafuate. Watu wa milimani wanalijua hili kwa uchungu. Sisi wa mjini hatupaswi kujiona tuko mbali, maana tauni si ugonjwa pekee unaohusiana na panya: Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa uliowatokea watu wa Ruangwa, mkoani Lindi, baadhi yao wakitokwa na damu puani, ulikuwa homa ya Mgunda. Wagonjwa 20 walikuwa wamebainika na 3 kati yao walifariki. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, na panya ni miongoni mwa wabebaji wakubwa. Kwa hiyo kinyesi cha panya usikifagie kikavu. Kinyunyizie maji yenye dawa ya klorini, subiri, vaa glavu, futa kwa kitambaa ukakitupe.

Kwa panya wachache waliobaki ndani baada ya kuziba, tumia mtego. Panya wakubwa huogopa kitu kigeni, basi uweke mtego siku mbili tatu bila kuutega, ukiwa na karanga au dagaa, wauzoee. Uegemeze ukutani, kwa sababu hawapendi kukatiza katikati ya chumba. Paka anasaidia, hasa kwa panya wadogo, ila hafiki ndani ya dari lililofungwa. Wenye mahindi ya gunia sebuleni wayahamishie kwenye pipa la chuma au plastiki ngumu lenye mfuniko unaobana. Mfuko, hata ule wa kisasa usiopitisha hewa, panya anautoboa. Chakula cha kuku na masalia ya mbwa visilale nje.

Morogoro, ambako shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, ndiko pia Chuo Kikuu cha Sokoine kimetafiti panya waharibifu kwa miongo mingi. Elimu haijakosekana hapa nchini. Inakwama kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita hawezi kupanda paa la mtu na ndoo ya simenti, na anayo haki ya kulala bila panya. Inakwama pia kwenye jalala. Gari la taka lisipopita wiki nzima, kizimba cha mtaa kinalisha panya wa nyumba zote, hata ile iliyozibwa vizuri. Wenyeviti wa mitaa waisimamie ratiba ya taka kwa ukali uleule wanaousimamia mchango wa ulinzi.

Kwako unayejenga: usimlipe fundi fedha ya mwisho kabla hajapanda ngazi na kukuonyesha kwamba kila mgongo wa bati umezibwa. Kwako mwenye nyumba za kupangisha: kabla hujapandisha kodi, ziba paa, na gharama iwe yako. Nyumba ni yako, na tundu ni lako.