Muda Mrefu ni wa Nani?

Upo usemi unaorudiwa siku hizi kila wanapokusanywa wastaafu kushauriwa juu ya fedha zao: ati historia imethibitisha kwamba hisa, kwa muda mrefu, hazimtupi mtu. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, na usemi huu naupinga. Siupingi kwa kuwa ni uongo mtupu. Naupinga kwa kuwa ni nusu ya somo, na nusu ya somo humfelisha mwanafunzi.

Nianze na nusu iliyo kweli. Mwaka 1994 Profesa Jeremy Siegel wa Marekani alitoa kitabu kilichochambua hisa za nchi yake tangu 1802, akaonyesha kuwa kwa vipindi virefu zimezishinda hati fungani na dhahabu. Sibishani na hesabu zake. Lakini Marekani ni mwanafunzi aliyeshika namba ya kwanza, na hakuna mwalimu anayepima darasa zima kwa karatasi ya huyo mmoja. Lilikuwepo pia soko la hisa la St. Petersburg. Mapinduzi ya 1917 yakalizima, na wenye hisa wakabaki na makaratasi. Baada ya 1949 yakafuata yale yale Shanghai. Wanafunzi hao hawatajwi katika semina.

Hata kwa hao waliofaulu, tuulize huo muda mrefu ni miaka mingapi. Kipimo cha bei cha Dow Jones kilifika 381 Septemba 1929, kikaporomoka hadi 41 Julai 1932, na hakikurudi kilipokuwa ila Novemba 1954. Hiyo ni miaka 25. Huko Japani, kipimo cha Nikkei kilifika 38,915 mwishoni mwa 1989, kisha hakikuivuka alama hiyo hadi Februari 2024. Hiyo ni miaka 34. Mstaafu wa miaka 60, ukimwongezea 34, ana 94. Ni wangapi kati yetu watafika?

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba gawio hufupisha msiba, na kwamba hakuna anayenunua zote kwa siku moja, bei ikiwa kileleni. La gawio nalikubali. La pili silikubali hata kidogo. Kijana wa mshahara aweza kununua kidogo kidogo kwa miaka thelathini, leo kwa bei ya juu, kesho kwa bei ya chini. Mstaafu hupewa kiinua mgongo mara moja, na siku hiyo hakuichagua. Ilichaguliwa na mwaka aliozaliwa. Wawili waweza kufanya kazi ile ile, kwa uaminifu ule ule, mmoja akala matunda na mwingine akala hasara kwa sababu ya tarehe tu.

Tukumbuke pia sisi ni akina nani. Kizazi changu kililelewa na Azimio la Arusha la 1967, lililomkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua mwaka 1998, wengi wetu mvi zikiwa zimeshachungulia. Mambo haya hatukuyasoma chuo cha ualimu. Basi tunamsikiliza dalali kwa unyenyekevu tuliozoea kumpa mkaguzi wa shule, ilhali yeye hulipwa kwa kila tunachonunua, tupate tusipate.

Sisemi hisa ni kamari, wala simkatazi mtu kununua. Kijana na aanze mapema, anunue pole pole, asiweke mayai yote katika kikapu kimoja. Ila mstaafu na aelezwe historia nzima, pamoja na miaka 25 ya New York na 34 ya Tokyo, kabla hajatia saini. Fedha ya dawa, ya chakula na ya ada ya wajukuu haina muda mrefu. Inahitajika mwezi huu, na anayemwambia mzee aipeleke sokoni akasubiri, yeye mwenyewe hatakuwepo kumlisha wakati wa kusubiri.