Mshale Juu ya Mi

Neno la Mhariri

Barua ya kwanza ya toleo hili ilitoka Kisarawe, ikapitia Gongo la Mboto na Mbezi mikononi mwa makonda wawili, ikafika Maili Moja, hapa Kibaha, imekunjwa mara nne. Kwenye ramani Kisarawe na Kibaha ni majirani, ila bahasha hii ilizunguka Dar kwanza. Mwandishi wake ni mwalimu wa kwaya, mstaafu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiziandika ngoma za Wazaramo kwa sol-fa kwenye kaunta buku. Ameomba tusimtaje jina.

Ndani mlikuwa na lalamiko. Katika wimbo wa mdundiko aliompelekea mchapishaji mmoja, alichora mshale mdogo juu ya baadhi ya herufi "m", kuonyesha kwamba sauti ile si mi ya kinanda wala si ma iliyoshushwa, bali imekaa katikati. Mpiga chapa akadhani ni uchafu wa kalamu, akaifuta yote. Wimbo ukarudi msafi, umenyooka kama tenzi ya Jumapili, na mwalimu anaapa kwamba huko Maneromango, wilayani Kisarawe, hakuna ambaye angeutambua.

Kwa barua hiyo tu tukaamua toleo zima liwe la barua: alizoandikiana na mchapishaji, na mkutubi mmoja wa hapa Kibaha, na waimbishaji wenzake. Tumeziacha zilivyo. Mna hali za wagonjwa, bei ya karatasi, mvua, ndipo inakuja "ama baada ya salamu". Mwenzangu mmoja alitaka tubakize muziki peke yake. Nilikataa, kwa sababu ni kwenye salamu humo humo mwalimu anapotaja wimbo aliusikia kwa bibi gani, kwenye mkesha gani, na nani aliyeitikia. Ukizikata, umekata ushahidi.

Na mwalimu wetu si wa kwanza kusumbuliwa na sauti isiyokubali kuandikwa. Erich von Hornbostel alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi mwaka 1909 akiwa Berlin. Kazi yake ilitegemea silinda za nta walizomletea wasafiri. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika akirekodi mwaka 1950, alipima marimba za Afrika kwa uma 54 za kupimia sauti: wa kwanza mitetemo 212 kwa sekunde, wa mwisho 424, kila mmoja ukimzidi mwenzake kwa 4. Hiyo ni oktava moja kamili iliyokatwa vipande vyembamba. Alichokitafuta Tracey kwa namba ndicho mwalimu alichokichora kwa kalamu ya Bic. Namba hupita salama mikononi mwa mpiga chapa, mshale haukupita.

Barua ninayoipenda kuliko zote ni ya mkutubi. Kibaha, mji uliokuzwa na shule tangu mradi wa nchi za Nordiki wa miaka ya 1960, haukosi wakutubi makini, na huyu anauliza swali la kikazi kabisa: nakala ya kaunta buku aipange rafu ya 780, kwenye muziki, au 390, kwenye mila na desturi? Mwalimu alimjibu kurasa tatu, kalamu imekandamizwa hadi karatasi imetoboka. Bach, anauliza, mmempanga kwenye mila za Wajerumani?

Nilicheka, nikamuunga mkono, kisha nikaanza kusitasita. Mdundiko ni ngoma ya kutembea. Inamtoa mwali, inashika barabara, watoto wanaifuata hadi wanapotea njia ya kurudi kwao. Ukiiweka 780 pamoja na vitabu vya skeli na stafu, mwali amebaki nje ya maktaba, na huko nako ni kufuta. Mkutubi aliligundua hilo kabla yetu sote: barua yake ya pili, fupi, inaomba nakala mbili.

Mishale tumeirudisha. Kompyuta ya mchapaji wetu haina alama hiyo, kwa hiyo kurasa za nota tumezipiga picha zikiwa katika mwandiko wa mwalimu mwenyewe. Kwenye ubeti wa pili mtaona duara la kahawia limeikalia besi. Hilo ni la kikombe cha chai, msiliimbe.